Ringi moja ya feraiti, vihisi vinne: umeme uliotengwa kwa gharama ndogo

Chota kikombe cha maji ya tangi, tumbukiza kihisi cha pH, soma: 6.8. Sasa tumbukiza na kihisi cha EC (upitishaji umeme wa maji) kilichofungwa kwenye kontrola ileile. pH inaruka hadi 7.9, au inaporomoka, au inayumba bila kutulia. Toa EC majini, namba inarudi ilipokuwa. Hapo ndipo wengi wanapokimbilia dukani kununua kihisi kipya cha pH, na kipya nacho kinafanya vilevile, kwa sababu kihisi hakina kosa. Kosa liko kwenye graundi, yaani hasi ya pamoja ya saketi.

Kihisi cha EC hufanya kazi kwa kupitisha umeme majini na kupima unapita kwa urahisi gani. Kihisi cha pH hutoa milivolti tu: takriban 59 mV kwa kila pH moja kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Graundi za vihisi hivi viwili zikiwa moja, umeme wa EC una njia mbili za kurudi nyumbani: waya wake wenyewe, na maji pamoja na elektrodi rejea ya pH. Kiasi kinachopita njia hiyo ya pili kikizua 30 mV tu, tayari umepoteza nusu pH. Pampu inayovujisha umeme kidogo majini huleta balaa hilohilo.

Tiba ni kukata njia. Kila saketi inayogusa maji ipewe umeme wake usio na waya unaorudi kwenye graundi ya kontrola, na data yake ivuke kwa mwanga au kwa sumaku. Data ni rahisi, kama utakavyoona. Gharama iko kwenye umeme. Maelezo haya ni ya mfumo wa vihisi vinne (pH, EC, ORP yaani uwezo wa maji kuoksidisha, na oksijeni) kwenye tangi la sato au bustani ya haidroponiki, unaolishwa na betri ya sola ya 12 V.

Hesabu graundi kwanza, vihisi baadaye

Si kila kihisi kinahitaji kutengwa. DS18B20 ya joto iliyofungwa ndani ya bomba la chuma haigusani na maji kiumeme. Iache kwenye graundi ya kontrola. Kipima kina cha maji kwa mwangwi kinaning'inia hewani, kiache. Kihisi cha mwanga na cha unyevu wa hewa, viache. Vinavyobaki ni vile ambavyo chuma, grafiti au kioo chake kimo ndani ya maji. Kila kimoja kati ya hivyo ni kisiwa, na kila kisiwa kinataka umeme wake. pH mbili ndani ya tangi moja ni visiwa viwili.

Angalia pia kila kisiwa kinakula kiasi gani. Bodi ya pH yenye op-ampu (kikuza ishara) na mikrokontrola ndogo inatumia kati ya 5 na 12 mA. Hiyo ni chini ya sehemu ya kumi ya wati. Kumbuka namba hii unapoona modyuli ya 1 W ikiuzwa kwa kila kihisi.

Kabla hatujaendelea, tuzike wazo moja linalorudi kila mara: kuwasha kihisi kimoja na kuzima kingine kwa transista. Transista inakata chanya tu. Hasi bado zimeungana, na bodi iliyozimwa bado inapitisha umeme kupitia miguu ya IC zake. Rilei inayokata chanya, hasi na waya wa data kwa pamoja inafanya kazi kweli, lakini kihisi cha pH kinahitaji muda kutulia kila kinapowashwa, na rilei ina kelele na umri.

Njia ya kununua: B0505S

Ukiwa na visiwa viwili, usijisumbue kusuka chochote. Nunua modyuli mbili za B0505S-1W, zile nyeusi za miguu minne za kutoa umeme uliotengwa, zinazopatikana kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue na Kariakoo. Jina lake lina maelezo yote: 05 ya kwanza ni volti za kuingia, 05 ya pili ni za kutoka, na 1W ni uwezo wake, yaani 200 mA. Inayoanza na herufi A badala ya B hutoa chanya na hasi. Inayoanza na IB ina regyuleta (kifaa cha kushikilia volti mahali pamoja) ndani.

B0505S haina regyuleta, na hili ndilo linalowaumiza watu. Kinachotoka hufuata kinachoingia, na kisipokuwa na mzigo hupanda. Mtengenezaji anataka angalau asilimia 10 ya mzigo, yaani 20 mA. Wewe una kihisi cha 6 mA. Matokeo yake unapima 6 V au zaidi mahali ulipotegemea 5, na ukiwa umeweka regyuleta ya MCP1700 mbele yake, ambayo mwisho wake ni 6 V, umeiweka ukingoni. Dawa ni rezista ya 330 Ω kwenye mlango wa kutoka: inakula 15 mA bure na kuituliza volti. Au tumia AMS1117-3.3, ambayo yenyewe hula karibu 5 mA na huvumilia hadi 15 V, ukaongeza rezista ya 560 Ω.

Mambo mawili mengine. Kwanza, mlango wa kuingia unataka 5 V, pamoja au kasoro asilimia 10. Usiulishe kutoka betri ya 12 V moja kwa moja. Pili, usipige shoti upande wa kutoka hata kwa sekunde chache. Matoleo ya zamani hayana kinga, na yakifa hufa kimya.

Sasa piga hesabu ya visiwa vinne: modyuli nne, kila moja inakula yake bila kazi, na kila moja imebebeshwa rezista ya kupoteza. Kwenye betri ya sola hiyo ni zaidi ya 100 mA usiku na mchana kwa ajili ya vihisi vinavyohitaji robo ya hapo. Kuanzia visiwa vitatu, kusuka kunalipa.

Njia ya kusuka

Wazo ni hili: draiva moja, ringi moja ya feraiti, praimari moja (msuko wa kuingizia umeme), sekondari nne (misuko ya kutolea). Sekondari zote zinashirikiana sumaku, hakuna inayoshirikiana waya. Vifaa:

– Ringi ya feraiti ya kipenyo cha nje cha mm 20 hivi au zaidi
– TC4428 moja (draiva ya mosfeti, huendeshwa kwa 4.5 hadi 18 V)
– kapasita ya 2.2 µF, 50 V, seramiki ya X7R au ya filamu, kwa praimari
– kapasita ya 1 µF ya seramiki na ya 47 µF, 25 V, kwa umeme wa draiva
– kwa kila kisiwa: dayodi mbili za 1N4148, kapasita mbili za 10 µF, rezista ya 4.7 kΩ, regyuleta HT7333 (3.3 V) au HT7350 (5 V), na kapasita ya 10 µF mbele ya regyuleta
– kwa kila kisiwa: PC817 moja (IC inayovusha ishara kwa mwanga), rezista ya 470 Ω
– waya wa shaba wa kusukia mota, mm 0.3, na waya mwembamba wenye gamba la plastiki

TC4428 imechaguliwa kwa sababu moja: ina draiva mbili ndani, moja inageuza na nyingine haigeuzi. Ukiunganisha milango yake miwili ya kuingia na kuipa wimbi moja, miguu miwili ya kutoka inapishana: huu ukipanda, ule unashuka. Praimari iliyo katikati inaona 12 V upande huu kisha 12 V upande ule. TC4426 na TC4427 zinafanana nayo kwa sura na zinauzwa pamoja nayo, lakini draiva zake mbili zinakwenda upande mmoja. Ukiweka hizo, transfoma haipati kitu. Soma namba kwa taa.

Ringi ipi?

Hapa ndipo kazi inapofia au inapoponea, kwa hiyo tukae kidogo.

Ringi nzuri inapatikana bure kwenye pawa saplai iliyokufa ya kompyuta: ile yenye misuko miwili inayofanana, karibu kabisa na mahali waya wa ukutani unapoingia. Ni feraiti yenye uwezo mkubwa wa sumaku. (Kabla ya kufungua pawa saplai, ichomoe na uiache, kisha upime kapasita zile kubwa kwa mita, 300 V iliyobaki humo haina utani.) Ukinunua, tafuta FT82-43 au FT82-77.

Ringi mbaya ni ile ya manjano yenye upande mmoja mweupe, ambayo imejaa kwenye pawa saplai hizohizo. Hiyo ni unga wa chuma. Kwa kazi yake ni nzuri. Kwa transfoma hii haifai kabisa.

Usiamini rangi peke yake. Suka mizunguko 10 ya waya wowote, pima kwa mita ya indaktansi. FT82-43 inatoa karibu 55 µH. Ringi ya pawa saplai mara nyingi inatoa mia kadhaa. Ya manjano inatoa chini ya 10. Chochote kuanzia 55 kwenda juu kinakubalika.

Kwa nini 55? Praimari ina mizunguko 30, na indaktansi hukua kwa mraba wa mizunguko: mara tatu ya mizunguko, mara tisa ya indaktansi. 55 inakuwa karibu 500 µH. Kwa 100 kHz, kila nusu wimbi ni mikrosekunde 5, na 12 V kwa mikrosekunde 5 ndani ya 500 µH inasukuma umeme wa kuamsha sumaku wa 120 mA kutoka bonde hadi kilele, yaani 60 mA kila upande. TC4428 ina ukinzani wa karibu 10 Ω kwa kila mguu, kwa hiyo 60 mA inapoteza kama 1.2 V. Hiyo inavumilika. Kwa ringi ya manjano ungepata umeme mara kumi ya huo, na draiva ingechemka kabla hujaweka kihisi hata kimoja.

Je, ringi itajaa sumaku? Pima eneo la mkato wake kwa rula: toa kipenyo cha ndani kwenye cha nje, gawa kwa mbili, zidisha kwa kimo. Ringi ya mm 21 kwa 13, kimo mm 6.4, ina karibu mm² 25. Sumaku ya kilele ni volti ÷ (4 × masafa × mizunguko × eneo). Kwa betri inayochajiwa, 14.4 V: 14.4 ÷ (4 × 100,000 × 30 × 0.000025) = 0.048 T. Feraiti huanza kujaa ikipita 0.3 T hivi. Una nafasi tele, hata ringi ndogo zaidi ingefaa. Kinachokubana ni nafasi ya waya, si sumaku.

Kusuka

Ikiwa ringi haina rangi ya plastiki juu yake, izungushie kwanza utepe mweupe wa mafundi bomba, tabaka mbili. Feraiti za aina nyingi hupitisha umeme kidogo, na kingo zake hukwaruza gamba la waya. Ringi tupu ni daraja linalounganisha visiwa vyako vyote, na hutaliona kwa macho.

Praimari: kata sm 90 za waya wa mm 0.3, suka mizunguko 30 ikikaa sehemu moja ya ringi, isizunguke ringi nzima. Hesabu kila waya unapopita ndani ya tundu, si nje.

Sekondari: kisiwa cha 3.3 V kinataka mizunguko 9, cha 5 V mizunguko 11. Kata sm 40 kwa kila moja. Hapa tumia waya wenye gamba la plastiki, usitumie waya wa mota. Waya mwembamba wa AWG 30, ule wa bluu au mwekundu wa kurekebishia bodi, una unene wa mm 0.5 pamoja na gamba lake, na misuko minne inaenea vizuri kwenye ringi ya mm 21. Nyuzi za kebo ya mtandao nazo zina gamba zuri lakini ni nene. Kwa ringi ndogo zitatosha visiwa viwili tu. Kama ringi yako ni ya mm 30, tumia kebo ya mtandao bila wasiwasi.

Kila msuko uwe na kipande chake cha ringi, kama chapati iliyokatwa mara tano, na uache mwanya wa angalau mm 1 kati ya kipande na kipande. Vitabu vya transfoma vitakuambia usuke sekondari juu ya praimari ili sumaku isivuje. Kwa mamia ya wati ni kweli. Hapa tunapeleka nusu wati, na misuko iliyotengana inatupa kitu tunachokihitaji zaidi: kapasitansi ndogo kati ya visiwa, makumi machache ya pikofaradi tu. Kapasitansi hiyo ndiyo mlango wa nyuma ambao kelele za 100 kHz hupitia.

Mahesabu ya mizunguko 9 na 11 yametoka kwenye hali mbaya kuliko zote: betri imeshuka hadi 11 V, draiva imekula 1 V, zimebaki 10 V kwenye mizunguko 30, yaani 0.33 V kwa mzunguko. Mizunguko 9 inatoa 3 V. Tunaizidisha mara mbili kwa dayodi mbili: 2 × (3 − 0.7) = 4.6 V, zinazotosha HT7333. Betri ikifika 14.4 V, inakuwa karibu 6.6 V. Kwa mizunguko 11 ni karibu 5.9 hadi 8.4 V. HT7333 na HT7350 zinavumilia hadi 12 V, ndiyo maana zimechaguliwa. MCP1700 ingeungua siku ya jua kali.

Upande wa kisiwa

Ncha moja ya sekondari iende katikati ya kapasita mbili za 10 µF zilizofuatana. Ncha nyingine iende mahali dayodi mbili zinapokutana: dayodi ya kwanza ikielekea juu, kwenye chanya ya kapasita ya juu, ya pili ikitokea chini, kwenye hasi ya kapasita ya chini. Hasi hiyo ndiyo graundi ya kisiwa. Weka 4.7 kΩ kutoka chanya hadi hasi, kisha regyuleta. Rezista hiyo ina kazi yake: bila mzigo, vilele vyembamba vya wimbi hujaza kapasita polepole hadi volti inapanda kuliko mahesabu.

Dayodi lazima iwe ya kasi. 1N4148 inafaa, 1N5819 inafaa zaidi. 1N4007 haifai, japo ndiyo iliyojaa kwenye kila droo ya fundi. Inahitaji mikrosekunde kadhaa kufunga, na nusu wimbi letu zima ni mikrosekunde 5. Itakuwa imefunguka pande zote mbili, inachemka, na volti haipandi. Mafundi wengi wamesuka upya ringi mara tatu wakitafuta kosa lililokuwa kwenye dayodi ya bei ya pipi.

Angalia miguu ya HT7333 kabla ya kulehemu. Ukiitazama usoni, kutoka kushoto: graundi, kuingia, kutoka. Si kama 78L05, ingawa zina umbo lilelile.

Wimbi la 100 kHz

Kama kontrola yako ni Arduino yenye ATmega328P ya 16 MHz, wimbi unalipata bure kwenye mguu wa 9:

pinMode(9, OUTPUT);
TCCR1A = _BV(COM1A0);
TCCR1B = _BV(WGM12) | _BV(CS10);
OCR1A = 79;

16 MHz ÷ (2 × 80) = 100 kHz, nusu juu na nusu chini. Taima hujiendesha yenyewe. Programu ikikwama, umeme wa visiwa haukatiki. Ila maktaba ya servo inatumia taima hiyohiyo, kwa hiyo ukiwa na servo ya kulishia samaki, tumia taima nyingine.

Mguu wa 9 uende kwenye miguu ya 2 na 4 ya TC4428 kwa pamoja, na 10 kΩ kutoka hapo hadi graundi, ili mlango usielee Arduino inapojianzisha upya. Mguu wa 6 ni 12 V, wa 3 ni graundi. Kapasita ya 1 µF ikae kati yao, miguu yake mifupi kadiri uwezavyo, na ya 47 µF jirani. Kutoka mguu wa 7 pitia kapasita ya 2.2 µF, kisha praimari, kisha mguu wa 5. Kapasita hiyo usiiache. Wimbi likisimama upande mmoja, bila kapasita praimari inakuwa waya tu wa kupigia shoti draiva. Ikiwepo, hakuna kinachopita.

Data ivuke kwa mwanga

Weka mikrokontrola ndogo kwenye kila kisiwa. Isome kihisi na kutuma namba kwa njia moja tu, kwenda nje. Hapo PC817 moja inatosha. Kutoka 3.3 V ya kisiwa pitia 470 Ω, kisha anodi ya PC817. Katodi iende kwenye mguu wa TX (wa kutuma). Upande wa kontrola, emita kwenye graundi, kolekta kwenye RX (mguu wa kupokea), na 4.7 kΩ kutoka RX hadi 5 V. Kwa kuunganisha hivi, TX ikitulia juu LED inazima na haili umeme, na wimbi linatoka bila kugeuzwa. Wengi huunganisha LED kutoka TX kwenda graundi, wakapata data iliyopinduka na LED inayowaka siku nzima.

Tuma kwa biti 2400 kwa sekunde. PC817 ni ya polepole kujifunga, na kwa 9600 zingine zinapita na zingine zinakosea; usicheze bahati nasibu kwa data ya pH inayobadilika kwa saa.

Kolekta za PC817 zote nne zinaweza kuungana kwenye RX moja, zikitumia 4.7 kΩ ileile. Kila kisiwa kitume ujumbe mfupi wenye namba yake na jumla ya kuhakiki, kwa vipindi visivyogawanyika: sekunde 5, 7, 11 na 13. Ujumbe wa herufi 10 unachukua kama milisekunde 42. Mara moja moja mbili zitagongana, jumla ya kuhakiki itazikataa, na kipindi kinachofuata hazitagongana tena.

Kuwasha mara ya kwanza

Osha bodi kwa spiriti na brashi, ikauke kabisa. Mabaki ya fluksi pamoja na unyevu wa tangi ni rezista usiyoipanga.

Mita ikiwa kwenye kipimo cha juu cha ohm, pima kati ya graundi ya kontrola na ya kila kisiwa, kisha kisiwa kwa kisiwa. Kote isome wazi. Ikisoma hata 5 MΩ, tafuta kabla ya kuendelea.

Washa 12 V ukipitia rezista ya 47 Ω, wati 2. Vihisi visiwepo bado. Umeme unaoingia uwe chini ya 25 mA hivi. Ukiona 100 au zaidi, zima: ama ringi ni mbaya, ama msuko umepiga shoti, ama kuna dayodi iliyogeuzwa. Toa sekondari moja moja. Ukitoa ya kosa, umeme utashuka.

Kisha weka 330 Ω kwenye kila 3.3 V (mzigo wa 10 mA) na 470 Ω kwenye kila 5 V, vyote kwa pamoja. Punguza umeme wa kuingia hadi 11 V. Volti kabla ya regyuleta isishuke chini ya 4 kwa ya 3.3, wala chini ya 5.4 kwa ya 5. Ikishuka, ongeza mzunguko mmoja kwenye sekondari hiyo. Gusa draiva: vuguvugu ni sawa, kuunguza si sawa.

Mwisho ni maji. Tumbukiza pH kwenye bafa (maji ya pH inayojulikana) ya 7.00, subiri itulie, andika namba. Tumbukiza EC kwenye kikombe hichohicho, kisha ORP, kisha kile cha oksijeni. pH isisogee zaidi ya 0.02. Suuza vizuri na uitupe bafa hiyo.

Inapokataa hata hivyo

pH ikiendelea kuruka ilhali umetenga kila kitu, tazama boksi. Ganda la nje la BNC (soketi ya waya wa kihisi) ni graundi ya kisiwa. BNC mbili zikifungwa kwenye paneli moja ya chuma zimeungana, na kazi yote ya ringi imepotea kwa nati mbili. Tumia boksi la plastiki.

Kama pH inaharibika pale tu unapochomeka kompyuta, umechomeka USB kwenye mikrokontrola ya kisiwa. Graundi ya USB ni graundi ya kompyuta, na kupitia chaja yake ni ya nyumba nzima. Rekebisha programu kihisi kikiwa nje ya maji, au soma data upande wa kontrola.

Namba zikiwa zinatetemeka kidogo bila kuruka, ni kelele ya 100 kHz. Weka 10 Ω na 47 µF baada ya regyuleta, kabla ya op-ampu ya pH, na usogeze ringi mbali na BNC: waya wa pH una ukinzani wa makumi hadi mamia ya megaohm na unanasa kila kitu kilicho karibu. Kuna wanaoshauri kapasita ya 1 nF kati ya graundi mbili ili kutuliza kelele. Kwa vihisi vya majini isiwepo. Unarudisha kwa mkono mmoja ulichokata kwa mwingine.

Chini ya ringi na chini ya PC817 kusiwe na shaba yoyote. Kwenye verobodi kata mistari kwa upana wa matundu matatu. Watu hukumbuka kutenga ringi, kisha mstari mmoja wa shaba unapita chini ya PC817 kutoka mguu wa 2 hadi wa 3.

Na jambo la usalama: utenganisho huu ni wa kusafisha vipimo. Haujajengwa kumkinga mtu na umeme wa ukutani wa 230 V. Pampu za tangi ziwe na swichi yake ya kukata umeme unaovuja, ya 30 mA, na adapta yoyote ya 12 V ikae juu ya usawa wa maji, mahali ambapo hata ikianguka haitafika tangini.

SN6501, ukitaka bodi ndogo

Wanaotengenezesha PCB wanaweza kuepuka kusuka kwa kutumia SN6501 ya Texas Instruments, IC ya miguu mitano inayoendesha transfoma ndogo yenye ncha ya katikati kwa 3.3 au 5 V. Kwa 5 V inatoa hadi 350 mA, na masafa yake ni karibu 410 kHz. Ukichagua transfoma, angalia kipimo cha volti kwa mikrosekunde: masafa yanaweza kushuka hadi 300 kHz na volti kupanda hadi 5.5, kwa hiyo transfoma ivumilie angalau 9.1 Vµs. Dayodi ziwe 1N5817 au za jamii yake. 1N4148 hupoteza volti nyingi mno pale ambapo una 5 tu za kuanzia. Kila kisiwa kitahitaji IC yake na transfoma yake, na transfoma hizo ndizo zinazobeba bei.